Uchovu sugu wa kazini: kwa nini huanza kwa kiongozi ukaishia kwa timu

Aliyechoka kawaida hulala Jumamosi, Jumapili akaamka mzima. Mwenye uchovu sugu wa kazini anaweza kumaliza likizo nzima, na bado siku ya kurudi akahisi mwili mzito kabla hajafika getini. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa vizuri. Halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na utendaji kushuka. Maelezo hayo yanahusu kazi ya ajira peke yake. Anayetoka zamu akaenda kuuguza mzazi nyumbani, sehemu hiyo ya pili haihesabiwi, ingawa mwili wake ni huohuo.

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu hali hii mwaka 1974, kutokana na aliyoyaona kwa watumishi wa kliniki ya bure jijini New York, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Alibaini kwamba walio hatarini zaidi ni wale wenye moyo wa kazi. Ndiyo maana viongozi huingia humo kirahisi.

Chukua muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni. Anapanga ratiba ya mwezi: mmoja yuko masomoni, mwingine yuko likizo ya uzazi. Badala ya kuandika kwamba zamu ya usiku ina pengo, analijaza mwenyewe. Mwezi wa kwanza anasifiwa. Mwezi wa tatu, anayeomba ruhusa ya msiba anaonekana mvivu, salamu za asubuhi zimekatika, na maagizo yanaingia kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku. Hajamlazimisha mtu kujibu, lakini nani atamnyamazia mkubwa wake? Walio chini yake wanaacha kuripoti matatizo, kisha wanaacha kuomba hata likizo zao. Kwa ofisi ya juu, wodi hiyo haina shida yoyote, maana ratiba imejaa.

Kinga inayopendwa na ofisi nyingi ni semina ya nusu siku, chai na fulana. Sina ugomvi na chai. Ila watafiti Christina Maslach na Michael Leiter wanaelekeza macho kwenye mambo sita ya kazi yenyewe: mzigo, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, mshikamano, haki, na maadili. Hakuna fulana inayogusa hayo.

Kwa wodi ile, kinga ingeanza na pengo kuachwa wazi kwenye ratiba na kupelekwa juu kwa maandishi, pamoja na swali: kwa watu hawa tulio nao, kazi gani isimame? Kisha likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini ukomo huo haumhusu anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Likizo ya siku 28 inamhusu. Basi jina lake litangulie kwenye ratiba ya likizo, na anayekaimu apewe mamlaka kamili, pamoja na kusaini. Kaimu anayepiga simu kila saa kuomba kibali hajamkaimu mtu. Timu ikiona mkubwa amezima simu na wodi haikuanguka, nayo itaanza kudai siku zake.

Kwa ambaye uchovu tayari umemzidi, ratiba haitoshi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hufanana sana na uchovu huu. Ukiona hata mambo ya nje ya kazi uliyokuwa ukiyapenda hayakupi raha tena, kamwone daktari.