Je, wajua kwa nini vioo vya majumba ya kale huwa vinene upande wa chini?

Niliwahi kuwafundisha wanangu uongo, tena kwa kujiamini. Tulikuwa tumekwenda kutembea siku nzima kwenye jumba la kitajiri la karne ya 18, mashambani Derbyshire, Uingereza. Mdogo akawa anayumbisha kichwa mbele ya dirisha. “Baba, mbona miti inacheza?” Nikamjibu nilivyosikia shuleni: kioo ni kimiminika kizito, kinatiririka polepole mno, kwa hiyo baada ya miaka 200 kimeshuka chini kama asali.

Sivyo. Kioo kikishapoa kimeganda, basi. Mwaka 2017 watafiti walitengeneza kioo chenye mchanganyiko kama wa madirisha ya zama za kati ya Westminster Abbey, kanisa la kale la London, wakapima unato wake, yaani jinsi kinavyogoma kutiririka. Hesabu yao: kwa miaka bilioni moja kingesogea kama nanomita moja. Unywele mmoja una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Na vipo vikombe vya kioo vya Warumi vyenye umri wa karibu miaka 2,000, bado vimesimama wima. Asali gani hiyo?

Chanzo ni fundi. Alipuliza povu la kioo cha moto, akalinasa kwenye fimbo ya chuma, akalitoboa, akalirudisha tanurini huku akizungusha fimbo kwa kasi. Povu likafunguka ghafla kama gauni la msichana anayejizungusha, likawa sahani pana, bapa. Sasa fikiria chapati ya anayejifunza kusukuma: katikati nene, pembeni nyembamba. Ikate miraba. Kila kipande kitakuwa na ubavu mmoja mnene, ule uliokuwa karibu na kitovu. Mawimbi yanayochezesha miti ni alama za mzunguko huohuo.

Huenda mafundi wengi waliona ubavu mzito unakaa vizuri zaidi chini. Hilo ni kisio tu. Wapo walioweka unene juu, wengine ubavuni, na kioo kinachotiririka kupanda juu sijakisikia. Tena si vioo vyote vya kale vilizungushwa; vingine vilipulizwa kama mrija, vikapasuliwa na kunyooshwa.

Kile kitovu chenye kovu la fimbo kilikuwa kama makombo, kikiuzwa bei ya chini kwa madirisha ya mazizi na nyumba za wanyonge. Siku hizi viwanda hukiiga makusudi, na baa za Uingereza hukinunua ili zionekane za kale.