Migodi ya Nomu katika NetHack: yanayosemwa na yaliyo kweli

Vijana wengi wa Mwanza wamekulia kwenye mpira wa PlayStation vibandani na gemu za bunduki kwenye simu. Wakikaa mbele ya NetHack, gemu ya kompyuta ya kushuka shimoni inayochorwa kwa herufi, kwa mara ya kwanza wanakuja na mazoea ya huko, na mazoea hayo yanawaua mapema. Wengi wanafia sehemu moja: Migodi ya Nomu, njia ya pembeni inayochepuka kutoka shimo kuu kwenye levo ya 2, 3 au 4. Mimi naipenda migodi hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote ya gemu ile. Inaniuma mtu akiiacha kwa sababu ya maneno aliyoyasikia kwa mwenzake, hasa maneno yasiyo ya kweli.

“Gemu ya herufi haina kitu”

Ni ya zamani, hilo halina ubishi. Toleo la kwanza lilitoka Julai 1987, likiwa limejengwa juu ya gemu iliyoitwa Hack, nayo Hack ilifuata nyayo za Rogue ya 1980. Lakini kuwa ya zamani hakujaifanya ife. Wanaoitengeneza hufanya hivyo kwa kujitolea, na toleo la 3.6.0 lilitoka Desemba 2015, miaka 12 baada ya 3.4.3. Inapatikana bure, haidai bando ukishaipakua, na kompyuta iliyokataliwa na gemu nyingine zote itaiendesha bila kuhema. Hata umeme ukikatika katikati ya mchezo, inakuja na programu ndogo ya kurudisha ulipofikia. Asiyetaka herufi anaweza kuweka picha ndogondogo badala yake.

Mimi nabaki na herufi, kwa sababu zinasomeka haraka. Alama ya @ ni wewe. d iliyo pembeni yako unapoanza mchezo ni mbwa wako. G ya kahawia ni nomu wa kawaida, kijitu kifupi kisicho na nguvu; G ya bluu ni bwana wao. h ya kijani ni hobiti, hana madhara makubwa. h nyekundu ni dwafu, mchimbaji mfupi mwenye silaha. Yaani herufi ni ileile, ila rangi ndiyo inayokuambia usogee au urudi nyuma.

“Ukiwa na vidole vyepesi utapita”

Hapana. NetHack inakwenda kwa zamu. Usipobonyeza kitu, hakuna kinachosogea, hata ukiacha ukaenda kunywa chai. Hakuna tuzo ya kubonyeza haraka. Nimeshamwambia mdogo mmoja aliyekaa karibu nami, “Dogo, hiyo h nyekundu usiisogelee, toa mkono kwenye kibodi kwanza uangalie una nini mfukoni.” Akajibu, “Kaka, itanifikia!” Haikumfikia, maana dwafu alikuwa anasubiri zamu yake kama sheria inavyotaka.

“Dwafu ni mfupi, mpige tu”

Hapa ndipo makaburi yalipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dwafu wa mgodini mara nyingi amebeba sururu au shoka, na wengine wamebeba sururu kubwa ya mikono miwili. Akikupiga kwa hiyo kubwa, madhara yake ni nguvu yake mwenyewe, kuanzia pointi 1 mpaka 8, ukijumlisha na ya silaha, kuanzia 1 mpaka 12. Pigo moja basi linaweza kufika 20. Mchezaji aliyechagua kuwa mchawi anaanza mchezo na pointi za uhai 11 au 12. Fanya hesabu mwenyewe. Unaweza kuwa mzima kabisa, hujaguswa na chochote, ukafa kwa pigo moja la kiumbe uliyemkuta levo ya tatu tu. Watu wakifa hivyo wanasema gemu imewaonea. Haijawaonea: h nyekundu ilionekana hatua nyingi kabla.

Kinachosahaulika ni kwamba dwafu ni mzito wa miguu. Kasi yake ni 6, ya kwako ni 12. Kwa kila hatua yake moja wewe una mbili, na hiyo ndiyo silaha yako kubwa. Ukiwa na visu vya kurusha, rusha, rudi nyuma, rusha tena. Ukiwa karibu na ngazi, panda juu ukapumzike. Ukiwa na mbwa, mwache afanye kazi, kwa sababu mbwa aliyeshiba na kukua anaua nomu wengi kuliko mchezaji mwenyewe katika levo hizi za mwanzo. Kitu cha kuepuka ni kusimama wazi katikati ya pango huku nomu wanne na dwafu mmoja wakikuzunguka. Tafuta kona nyembamba ili wakujie mmojammoja.

Ukishamshinda, usiondoke bila kukagua alichoangusha. Kofia yake ya chuma ni ya thamani kuliko watu wanavyodhani. Kuna mitego ya mawe yanayoanguka kutoka juu, na jiwe moja linaweza kukuondolea mpaka pointi 12. Ukivaa kofia ya chuma linakuondolea 2 tu. Na wapo madwafu wachache wanaovaa fulana ya mithrili, ile deraya nyepesi inayotamaniwa na kila mchezaji. Ukiipata mapema, mchezo mzima unabadilika.

“Kila kilichomo mgodini ni adui”

Hii ndiyo dhana ninayotaka ife kabisa. Mwanzoni mwa mchezo unachagua kabila lako. Ukichagua kuwa dwafu au nomu, wakazi wengi wa migodi hawakugusi. Ni ndugu zako. Wanapita pembeni yako na shoka zao, kila mtu na shughuli yake. Ukijaribu kumpiga mmoja wao, gemu inakuuliza kama kweli unataka kumshambulia. Wengi wanabonyeza ndiyo bila kusoma.

Gharama yake haionekani siku hiyo. Kumuua asiye na ugomvi na wewe kunashusha bahati yako, na bahati ikiwa chini ya sifuri, mungu wako hasikii dua. Sasa dua katika NetHack ni kitu kikubwa. Uhai wako ukishuka chini ya sehemu moja ya saba, au ukabaki na pointi 5 kushuka chini, ukiomba unaponywa kabisa, mradi mchezo si mchanga sana (ukipita zamu 300 hivi uko salama) na hukuomba karibuni. Baada ya hapo ni busara kungoja zamu kama 1,000 kabla ya kuomba tena. Kwa hiyo kijana anamuua nomu mpole levo ya 3 kwa kujifurahisha, halafu levo ya 6 anaomba akiwa hoi, anaadhibiwa badala ya kuponywa, na anaapa kwamba dua katika gemu hii ni bahati nasibu. Kumbe aliufunga mlango mwenyewe.

Ndani ya migodi kuna mji kamili, na sheria zake. Uko levo ya 5 mpaka ya 8 kutegemea mchezo ulivyojipanga, una maduka, una hekalu, na una mgambo. Ukichezea chemchemi ya mji, mgambo anakuonya. Ukiendelea mpaka maji yakauke, mgambo wote wanakugeukia. Mwenye duka naye hakuruhusu kuingia na sururu, kwa sababu anajua unaweza kutoboa sakafu ukatoroka na mali yake. Unaiacha nje, na hapo nako uangalie, dwafu akipita anaweza kuiokota.

“Shuka haraka, utajiri uko chini”

Ugumu wa viumbe wanaotokea unapimwa kwa vitu viwili, kina ulichofika na levo ya uzoefu wako, kisha wastani unachukuliwa. Ukikimbilia chini ukiwa bado mchanga, kina peke yake kinakuletea wageni usiowaweza. Tena chini ya mji mapango mengine hayana mwanga, kwa hiyo zile herufi na rangi huzioni mpaka ziwe pembeni yako.

Jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui ni matumizi ya dhahabu. Wanaikusanya mgodini, wanaibeba mpaka kufa, alama zinaongezeka kidogo, basi. Lakini kuhani wa hekalu la mji huuza ulinzi. Ukimtolea dhahabu isiyopungua 400 mara levo yako ya uzoefu, anakuongezea kinga ya mwilini ambayo mwizi wa vitu hawezi kuivua. Ukiwa levo ya 1 ni 400, levo ya 2 ni 800, levo ya 5 ni 2,000. Anakupangia bei kama muuzaji anayekutazama viatu kwanza. Maana yake, anayekimbilia kuua kila kitu ili apande levo anajipandishia bei mwenyewe, na anayefika mjini mapema, levo ya chini na dhahabu kidogo, ananunua kinga ambayo mwenzake ataitafuta kwa shida baadaye. Kwangu mimi hii ndiyo hesabu nzuri kuliko zote katika migodi ile. Kutoa chini ya kiwango hicho hakukupi kinga. Usijaribu kubembeleza bei.

“Sururu ni ya kuchimbia dhahabu”

Ni ya hilo pia, kuna dhahabu na vito ndani ya miamba. Ila thamani yake kubwa ni kutoroka. Ukizungukwa na hakuna ngazi karibu, unachimba chini, na ndani ya zamu chache unadondokea levo inayofuata ukiwaacha wote juu. Mchezaji anayechagua kuwa mwanaakiolojia anaanza nayo mkononi. Wengine wanaipata kwa dwafu wa kwanza waliyemshinda.

“Mgodi wa gemu ni kama machimbo ya kwetu”

Kanda ya Ziwa tunaishi na migodi. Geita iko ng'ambo tu ya ziwa, na hakuna mtaa Mwanza usio na mtu aliyewahi kwenda machimboni kutafuta. Ndiyo maana kulinganisha kunakuja haraka, na ndiyo maana nataka kusema wazi.

Katika NetHack unachimba karibu popote na dari haishuki. Hakuna anayeweka matimba. Hewa haiishi, maji hayajai, na ukitaka kwenda chini unatoboa sakafu chini ya miguu yako. Duara la kweli, yaani shimo la wachimbaji wadogo, halina huruma hiyo. Udongo ulioloa mvua unaporomoka, hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni bila harufu ya kukuonya, na hatari haiishii shimoni. Zebaki inayokamata dhahabu ikichomwa inatoa mvuke unaodhuru mishipa ya fahamu na figo za mchomaji na za aliyekaa karibu naye, watoto wakiwamo. Mtu aliyemaliza Migodi ya Nomu mara nyingi hajui lolote kuhusu duara, na asishuke kwa kudhani anajua. Kofia ngumu peke yake ndiyo ukweli unaofanana kwenye migodi yote miwili.

“Ukifa, kazi yote imepotea”

Kifo cha NetHack ni cha kweli: mchezo uliousevu unafutwa, unaanza upya. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Lakini kwenye kompyuta inayochezwa na watu wengi kuna jambo zuri linaloweza kutokea. Ukifia chini kiasi, gemu wakati mwingine inaihifadhi levo ile pamoja na mzimu wako na vitu vyako vyote, na mchezaji anayefuata kwenye mashine hiyohiyo anaweza kuikuta. Rafiki yako anashuka levo ya 6, anaona jina lako, anaona fulana yako ya mithrili chini.

Asiikimbilie. Kila kitu kilichoachwa na marehemu kina uwezekano wa asilimia 80 kuwa na laana, na deraya yenye laana ukiivaa haivuliki. Amwangalie mbwa wake: mbwa anakwepa kukanyaga kitu chenye laana, na akikikanyaga gemu inaandika kwamba amesogea kwa kusitasita. Mbwa akipita juu ya fulana bila wasiwasi, ivae.

“Mwisho wa migodi hakuna kitu”

Levo ya mwisho, kati ya 10 na 13, ina ramani tatu tofauti na unaletewa moja. Kilichofichwa huko ni jiwe la bahati, la kijivu. Tatizo ni kwamba kuna mawe mengine ya kijivu, na moja ni jiwe zito lenye laana ambalo ukiliokota huwezi kuliweka chini, litakulemea mpaka adui akukute umesimama. Ukiona jiwe la kijivu usiliokote. Lipige teke kwanza. Likiteleza mbele, siyo lile zito. Likibaki palepale, liache hapo.