Je, wajua? Gemu yenye maamuzi 10 haihitaji hadithi 1,024

Wachezaji wengi wa gemu za hadithi huamini kwamba kila wanapochagua jambo, hadithi hupasuka njia mbili ambazo hazikutani tena. Kwa dhana hiyo, mtunzi ameandika kila kinachoweza kutokea, na mchezaji anaokota kipande chake tu. Hesabu ndogo inatosha kuizika.

Tuchukue gemu ya kubuni. Zuhura, mchuuzi wa dagaa, anapanda treni Kigoma kwenda Tabora, na njiani anakutana na maamuzi 10, kila moja lenye majibu mawili. Njia zikiachana moja kwa moja, miisho inafika 1,024 na matukio yote ya kuandika ni 2,047. Tukio moja likiwa na maneno 150, mtunzi ana maneno 307,050 ya kuandika, na mchezaji atasoma matukio 11 tu, yaani maneno 1,650. Ongeza uamuzi wa 11, kazi inakuwa maradufu. Muundo huo upo kweli. Sam Kabo Ashwell, aliyechambua miundo ya hadithi za kuchagua mwaka 2015, aliuita pango la wakati, na kwa gemu fupi ya maamuzi matatu au manne unafaa sana. Kwa safari ndefu haufai.

Sasa itazame reli yenyewe anayosafiria Zuhura. Ni ya njia moja, ila penye stesheni kuna njia ya pembeni ya kupishania treni. Treni ikielekezwa huko inaiacha njia kuu, inasimama, inapakia, kisha inarudi kwenye reli ileile. Abiria aliyelala akaamkia Kaliua hawezi kujua, kwa kutazama reli, kama treni yake iliingia pembeni pale Uvinza. Lakini akifungua behewa na kukuta magunia ya chumvi, atajua. Gemu nyingi za maamuzi zimejengwa hivyo: uamuzi unampeleka mchezaji pembeni kwa tukio moja, kisha anarudishwa kwenye tukio la wote. Njia imesahaulika, mzigo umebaki.

Kwa muundo huo, maamuzi 10 yanahitaji matukio 11 ya pamoja na 20 ya pembeni, jumla 31, sawa na maneno 4,650. La kuchekesha ni kwamba mchezaji sasa anasoma zaidi: matukio 21, maneno 3,150.

Mzigo huo, kwa mtengenezaji, ni kigeu: jina dogo ambalo programu inalikumbuka pamoja na thamani yake. Pale Uvinza bibi mmoja anaomba kiti. Zuhura akisimama, kigeu *amempisha_bibi* kinakuwa kweli. Akijifanya amelala, kinabaki si kweli. Kaliua, wakaguzi wanapouliza ndoo ya dagaa ni ya nani, tukio ni lilelile kwa wachezaji wote, isipokuwa sentensi moja. Kigeu kikiwa kweli, bibi anasema, “Ya mjukuu wangu huyu.” La sivyo, anatazama dirishani. Sentensi mbili, na mchezaji anaapa kuwa hadithi nzima imegeuka kwa ajili yake. Gemu ya The Walking Dead ya mwaka 2012 ilifika mbali zaidi kwa gharama ndogo: iliandika tu kwenye skrini kwamba Clementine, msichana mdogo anayesafiri na mchezaji, atalikumbuka jambo hilo.

Kupasua kweli kunaruhusiwa, ila mwishoni. Tabora reli inagawanyika hasa, moja ya Mwanza, nyingine ya Dar es Salaam, na Zuhura akichagua hapo, hakuna matukio mengi mbele ya kuandikwa mara mbili. Uamuzi uleule ukiuweka Uvinza, umejinunulia gemu mbili.

Twine, ink na Ren'Py, zana za kutengenezea gemu za hadithi, zote za bure, hufanya kazi hii, na makosa yake hufanana. La kwanza ni kigeu kilichozaliwa ndani ya tawi: asiyepita huko hana kigeu hicho, na kwenye Ren'Py gemu inakatika kwa kosa. Kitangaze mwanzo kabisa kwa amri ya *default*; thamani za amri nyingine, *define*, hazihifadhiwi mchezaji anapohifadhi mchezo. La pili ni kigeu kinachowekwa na kisisomwe popote. Tafuta kila jina kwenye faili: likionekana pale linapotangazwa na kuwekwa tu, ule ni uamuzi hewa.

La tatu limejificha kwenye hesabu. Tuseme kigeu cha namba, upendo wa bibi, kinaongezeka 1 kwa jibu moja kati ya mawili katika maamuzi sita, na mwisho mzuri unadai 6. Anayechagua kwa kubahatisha ana nafasi 1 kati ya 64 ya kuufikia, na mwisho uliouandika wiki nzima karibu hauonekani. Kizingiti kikiwa 4, nafasi ni 22 kati ya 64, karibu theluthi. Wachezaji halisi hawabahatishi, kwa hiyo hiyo ni namba ya kuanzia tu. Wape watu gemu, hesabu waliofika, kisha sogeza kizingiti. Mchezaji wa mara ya pili ndiye mkaguzi mkali: huchagua kinyume makusudi, na pale Kaliua, kama bibi amesema yaleyale, anazima simu.