Kitunguu cha Kuhifadhi: Maana Yake, Tangu Mbegu Hadi Ghalani

Kitunguu cha kuhifadhi ni kitunguu maji cha aina ambayo, kwa maumbile yake, hufunga shingo (pale majani yanapotokea), hukauka maganda na kutulia kwa miezi kadhaa bila kuchipua wala kuoza. Vitunguu vitamu vyenye maji mengi havina uwezo huo. Vuna aina zote mbili siku moja, vianike pamoja, na bado vile vitamu vitaanza kulegea mapema.

Tofauti imo ndani ya nyama. Kitunguu kinachokaa kina maji machache na misombo mingi ya salfa, ile inayotutoa machozi wakati wa kukatakata. Kwa kawaida, kadiri kinavyokuliza ndivyo kinavyodumu.

Ndiyo maana mbegu ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani: kwa kuanza na mbegu unachagua aina mwenyewe. Nunua mbegu mpya, kwani mbegu za kitunguu hupoteza uhai haraka, na za zaidi ya mwaka mmoja au miwili huota kwa kusuasua. Vile vitunguu vidogo vinavyouzwa kwa kupandwa ni rahisi kuanza navyo, lakini aina zake huwa chache, tena huelekea zaidi kutoa maua. Kitunguu ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza hujiwekea akiba, wa pili huitumia kutoa ua. Kikishatoa ua huwa na shina gumu katikati, na hakifai kuhifadhiwa.

Jambo linaloangusha wengi ni urefu wa mchana. Kitunguu hakianzi kutunga, yaani kuvimba na kuwa duara, kwa sababu kimefikisha umri fulani. Husubiri mchana ufikie urefu kinaoutaka, joto nalo likichangia. Aina za mchana mfupi huhitaji saa 10 hadi 12 za mwanga, za kati 12 hadi 14, na za mchana mrefu 14 na kuendelea. Karibu na ikweta, aina ya mchana mrefu itakupa majani mazuri tu. Ukipanda ya mchana mfupi mbali na ikweta majira ya kuchipua, baridi inapoisha, itatunga ingali changa na kutoa vitunguu vidogo mno. Red Creole, kwa mfano, ni ya mchana mfupi na hukaa vizuri.

Kila jani ni tabaka moja la kitunguu. Kwa hiyo kazi ya miezi ya mwanzo ni kukuza majani mengi kabla ya kutunga kuanza. Sia mbegu kitaluni mapema, pandikiza miche ikiwa na unene wa penseli hivi, kwa nafasi ya sentimita 10, na palilia bila kuchoka: mizizi ya kitunguu ni mifupi na haiwezi kushindana na magugu. Mbolea ya naitrojeni ni ya kipindi hiki. Ukiitia kitunguu kikiwa kimeshaanza kuvimba, unapata shingo nene isiyofunga, na kuoza huanzia hapohapo.

Majani yakianza kulala yenyewe, acha kumwagilia. Usiyakanyage kuyalaza kwa nguvu, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Ng'oa yakishalala zaidi ya nusu shambani, kisha anika vitunguu na majani yake kivulini penye upepo kwa wiki mbili au tatu, bila kuviosha. Shingo ikisagika kwa vidole bila unyevu wowote, kata majani ukiacha kikonyo cha sentimita mbili au tatu.

Viweke kwenye wavu au kichanja, mbali na viazi, penye hewa kavu. Baridi inayokaribia nyuzi 0 huvilaza, na joto la nyuzi 25 hadi 30 pia huzuia kuchipua, japo hupunguza uzito. Hali ya katikati, nyuzi 10 hadi 20, ndiyo inayoviamsha haraka. Vyenye shingo nene au michubuko vitenge tangu mwanzo, vitumike kwanza jikoni.