Je, mhadhiri hodari ukumbini yuko tayari kufundisha kampasi kadhaa mubashara?

Vyuoni wengi huamini kwamba mhadhiri anayefundisha vizuri ukumbini hahitaji maandalizi mengine ili afundishe mubashara kampasi mbili tatu kwa pamoja: mafundi wakishafunga kamera, kazi imekwisha. Imani hiyo ina msingi, maana umahiri wa somo haupungui kwa sababu ya mtandao.

Kinachobadilika ni muda. Mazungumzo huanza kugongana sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 hivi kwenda upande mmoja. Tena, tafiti za madarasa ya kawaida tangu miaka ya 1970 zimeonyesha kuwa walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Sasa mwanafunzi wa mbali asikie swali, awashe maikrofoni, sauti isafiri. Akifungua mdomo, mhadhiri keshahamia slaidi nyingine, wala hajui kuna mtu alitaka kujibu. Ndiyo maana maandalizi mazuri hushughulikia vitu vidogo: kutaja kampasi kabla ya kuuliza ("Dodoma, hili ni lenu"), kurudia swali lililoulizwa bila maikrofoni, kuwa na msaidizi kila chumba. Na sauti kwanza. Picha ikififia kipindi huendelea. Sauti ikikatika, basi tena.

Kuhakikisha kama mhadhiri yuko tayari si kazi kubwa. Tazama rekodi ya dakika 10, uhesabu majibu yaliyotoka kampasi ya mbali. Bora zaidi, mhadhiri mwenyewe akakae huko, safu ya nyuma, mwenzake akifundisha.