Kazi ya kaunta: yanayosemwa Dodoma na ukweli wake

"Kazi ya baa ni ya walioshindwa shule." Nimeisikia Majengo, nimeisikia Area C, na inaniuma kwa sababu inawavunja moyo vijana wenye kipaji. Mtu wa kaunta anaishi kwa hesabu. Chukua chupa ya konyagi ya mililita 750. Ukipima toti za mililita 30, unapata 25. Ukimimina kwa macho na mkono ukazidisha mililita tano tu kila mara, unaishia 21. Toti nne zimepotea, na usiku mkifunga hesabu, huo upungufu unaulipa wewe. Eti kupima ni dalili ya ugeni wa kazi! Wakongwe ndio hasa wasioachia kipimo.

Wengine wanadhani ufundi ni kurusha chupa hewani. Hayo ni maonyesho. Ufundi wenyewe uko kwenye barafu. Unapotikisa kinywaji na barafu unakipoza, na papo hapo maji yanayoyeyuka yanapunguza ukali wake. Yote mawili yanatakiwa. Chenye maji ya ndimu au ute wa yai hutikiswa. Cha pombe tupu hukorogwa taratibu ili kibaki angavu. Barafu iliyokwisha kulowa hukifanya chapwa kabla hakijafika mezani.

Je, lazima uwe mnywaji? Hapana. Fundi huonja kwa mrija: anauchovya kwenye glasi, anaziba tundu la juu kwa kidole, anadondosha matone mawili ulimini, basi. Yeye ndiye wa kutambua mteja gani sasa apewe maji, na mlevi hawezi kazi hiyo. Ajue pia kwamba bia si "nyepesi" kama watu wanavyojidanganya: mililita 500 za bia ya asilimia 5 zina mililita 25 za kilevi halisi, ilhali toti ya 30 ya asilimia 40 ina 12.

Kwa akina dada maneno huwa makali zaidi, na hayana msingi wowote. Ada Coleman aliongoza baa ya hoteli ya Savoy, London, mwanzoni mwa karne ya 20, na kinywaji alichobuni, Hanky Panky, kinaagizwa hadi leo.

Halafu kuna hili la "lazima uende Dar". Mafunzo ya hoteli yapo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana chuo Njiro, Arusha, na ukipata nafasi nenda. Ila Dodoma ina zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, na hapo ndipo kijana wa hapa anapoweza kumzidi wa Dar. Nenda Hombolo msimu wa mavuno, uone mchuzi wa zabibu unavyokamuliwa, uulize wakulima. Ukirudi kaunta, usimpe mgeni mvinyo mwekundu uliopata joto la mchana rafuni. Kwenye nyuzi 30 harufu ya pombe inafunika ladha ya zabibu. Upoze hadi nyuzi 16 au 18, kisha mwambie mvinyo huo umetoka shamba la wapi. Hoteli zinazopokea wageni wa mikutano ya Serikali zinahitaji mtu wa namna hiyo, hata kama ataanza kwa kuosha glasi.