Kijapani au Taaluma za Japani? Niletee ratiba kwanza

Nafundisha Kijapani hapa Kisumu, na matokeo ya KCSE yakitoka wazazi huniuliza: "Mwalimu, achukue digrii ya lugha au hii ya Taaluma za Japani?" Hii ya pili ina historia, siasa, uchumi na dini, na jina lake linavutia. Mimi huomba ratiba, nihesabu vipindi vya lugha.

Taasisi inayowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba anayezungumza Kiingereza huhitaji saa 900 hivi za darasani kumudu Kiswahili, na 2,200 kumudu Kijapani. Kozi ya saa nne kwa wiki, semesta mbili za wiki 15 kila mwaka, kwa miaka minne hufikisha saa 480 tu. Matamshi hayasumbui, maana silabi zao, kama zetu, karibu zote huishia kwa irabu. Kinachokula muda ni kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina. Orodha rasmi ya zile za kawaida ina herufi 2,136. Mtoto wa Japani humaliza miaka sita ya msingi akiwa amefunzwa 1,026. Na herufi moja, 生, husomwa "sei" katika gakusei, mwanafunzi. "I" katika ikiru, kuishi. Na "nama" ikimaanisha kibichi. Hayo hayakaririwi usiku wa kuamkia mtihani.

Kwa hiyo mimi huegemea lugha, hasa miaka miwili ya mwanzo. Historia ya enzi ya Meiji, Japani ilipoanza kujijenga kisasa, utaisoma hata baadaye, tena kwa Kiingereza. Kanji ukiziahirisha hadi uwe na kazi na familia, ndiyo basi.

Ila lugha tupu nayo haifiki mbali. Chukua mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu, megawati 60, uliojengwa hapa jirani kwa mkopo wa Japani. Malalamiko yake yalifika hadi bunge la Tokyo, na kumbukumbu za mjadala huo ni za Kijapani. Mwanafunzi wa lugha atazisoma. Kwa nini Japani hukopesha kwa yeni, na nani hufaidika na zabuni, atafunzwa na wale wa taaluma. Ukipata chuo kinachokuruhusu kuchanganya, usisite.

Na kama shabaha ni kibarua cha shambani Japani, acha karo ya miaka minne. Viza ya ujuzi maalum, iliyoanza Aprili 2019, hudai Kijapani cha N4, ngazi ya pili kutoka chini katika mtihani wa kupima Kijapani, pamoja na mtihani wa kazi yenyewe. Digrii haidaiwi.